Joistiki ya bei nafuu hupimwa katikati

Mtoto wa dada yangu alileta nyumbani joistiki yake ya kwanza mwezi wa saba, majira ambayo vumbi jekundu la Lubumbashi huingia hadi ndani ya sahani iliyofunikwa. Boksi lilikuwa na picha ya ndege ya kivita, fimbo ilikuwa na vitufe kumi na viwili, na kitako kiliwaka taa ya buluu. Alitoa dola 25. Muuzaji alikuwa amemhakikishia: "Iyi njo muzuri, haiharibikake." Akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua FlightGear, ile programu ya bure ya kurusha ndege, akajipanga mwanzoni mwa njia ya Luano, uwanja wetu wenyewe, ambao kwenye ramani za marubani huitwa FZQA. Ndege ikakimbia. Akavuta fimbo kwa upole kama alivyoona kwenye video, pua ikaruka juu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Akasukuma kidogo, pua ikachimba ardhi. Mara tatu, mara nne. Mwisho akaniita: "Tonton, mi siwezi hii kazi."

Nikamwambia atoke kwanza kwenye mchezo. Windows ina dirisha dogo la kupimia vifaa vya kuchezea: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha ingiza. Kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, hivyo dirisha hilo hujitokeza kwa jina la "Contrôleurs de jeu". Ukichagua joistiki yako na kufungua sehemu ya majaribio, utaona mraba wenye alama ya msalaba katikati, na msalaba huo hufuata mkono wako. Nilisukuma fimbo kwa upana wa punje ya mchele. Msalaba haukutikisika. Nikaongeza punje ya pili. Msalaba ukaruka hadi ukingoni kabisa. Kati ya hapo na pale hapakuwa na kitu. Tulipofungua skrubu za chini tukakuta swichi nne ndogo zimeuzunguka mguu wa fimbo, za aina ileile iliyo chini ya vitufe vya rimoti. Kijana alikuwa amenunua kengele ya mlango yenye mpini mrefu.

Kosa halikuwa lake, na sidhani hata muuzaji alijua. Kwa macho, joistiki ya swichi na joistiki inayopima hazitofautiani. Zote mbili zina fimbo, zote zina waya wa USB, na kompyuta inazitambua zote bila kulalamika. Tofauti iko kwenye swali ambalo kila moja inauliza mkono wako. Ya swichi inauliza: umesukuma au hujasukuma? Inayopima inauliza: umesukuma kiasi gani?

Swichi si aibu. Fimbo ya Atari ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ile CX40 nyeusi yenye kitufe kimoja chekundu, haikuwa na kingine zaidi ya swichi nne za mwelekeo, na watu waliicheza hadi viganja vikaota sugu. Kwa mchezo ambao mtu anakwenda kulia au kushoto tu, swichi inatosha na inadumu. Ila ndege haijui kwenda kulia tu. Inainama nyuzi tatu, au kumi, au inalala ubavu kabisa, na anayeamua ni kiasi cha mkono.

Lugha yetu nayo inaongeza mkanganyiko. Mjini hapa kila kinachoshikwa kwa ajili ya mchezo ni "manette", kiwe ni kile cha PlayStation chenye vijiti viwili vya dole gumba au fimbo nzima ya kuwekwa mezani. Ukimwambia muuzaji unataka manette ya kompyuta, kichwani mwake unakwenda kucheza mpira. Na kama ni mpira kweli, au mapigano, basi ondoka na manette ya vijiti viwili na uache makala haya hapa hapa. Fimbo kubwa itakutesa bure. Joistiki ninayoizungumzia ni ya wanaorusha ndege, helikopta na vyombo vya anga za juu, pamoja na wachache wanaoendesha matrekta na mitambo ya kuchimba kwenye kompyuta. Hapa Katanga hao wa mwisho si wachache sana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ukiangalia jinsi joistiki zinavyouzwa, utasoma idadi ya vitufe, taa, "usahihi wa hali ya juu", mshiko wa mpira. Mimi nimeshafungua za kutosha kuamini kwamba thamani ya joistiki ya bei nafuu imefichwa kwenye milimita chache tu, pale katikati, fimbo inaposimama wima bila kuguswa.

Fikiria dereva anayekwenda Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Hazungushi usukani hadi mwisho. Muda wote anausahihisha kwa unene wa kidole: kidogo kushoto, kidogo kulia, shimo, mwendesha baiskeli mwenye mifuko ya makaa, tena kidogo kushoto. Anayerusha ndege ni hivyo hivyo. Kwenye dakika kumi za safari, mkono unafika ukingoni mara moja au mbili, labda usifike hata mara moja. Muda uliobaki unacheza karibu na kati. Kwa hiyo joistiki inaweza kuwa nzuri sana pembeni na bado isirushike, na inaweza kuwa mbovu pembeni na ukatua nayo salama salimini.

Katikati kuna mambo matatu yanayogombana: springi, kihisi, na programu inayojaribu kuficha aibu za hao wawili.

Springi ndiyo huzungumzwa kidogo kuliko vyote. Kwenye joistiki nyingi za bei ya chini kuna springi moja pana inayouzunguka mguu wa fimbo, nayo inagandamiza kisahani cha plastiki juu ya kitako. Fimbo ikisimama, kisahani kimelala bapa. Ili kiinuke upande mmoja lazima kwanza uishinde nguvu yote ya springi, na kikishainuka tu, kinateleza kirahisi. Matokeo yake unayajua hata kama hukujua sababu: unasukuma, hakuna kitu, unaongeza, ghafla umezidisha. Rubani anarekebisha, anazidisha upande wa pili, na ndege inaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kwenye matanga usiku wa manane. Joistiki za bei zaidi huweka springi tofauti kwa kila mhimili, yaani kila njia ambayo fimbo inakwenda, kama mbele-nyuma au kushoto-kulia, hivyo mkono unapita katikati bila kukwama. Kwa hiyo ukishika joistiki dukani, kabla hata ya waya, fumba macho, ishike kwa vidole viwili na uizungushe duara dogo sana katikati. Ukihisi ngazi, ile "tak" ya kuvuka kizingiti, utaihisi kila utakapotua. Kizingiti kidogo kinavumilika na kinapungua kwa grisi. Kikubwa hakitibiki.

Kihisi ndicho kinachogeuza mwendo wa fimbo kuwa namba. Kwenye bei zetu kuna cha aina mbili. Cha kwanza ni potenshiometa, na hiki kila mtu amekigusa: ni kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Ndani kuna njia ya kaboni iliyopindwa kama kiatu cha farasi, na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Kidole kikisogea, ukinzani wa umeme unabadilika, na saketi inausoma. Ni rahisi na rafiki wa mfuko, na kikiwa kipya kinafanya kazi vizuri kabisa. Ubaya wake unaujua pia: redio ya zamani, ukigusa sauti, inakoroma "kra-kra". Huo ni uchafu na uchakavu chini ya kile kidole. Joistiki ikifika hapo haikoromi. Inatikisa ndege. Umeshika fimbo kimya, na bawa linapiga piga lenyewe.

Na tazama kidole hicho kinalala wapi. Joistiki ikipumzika, kiko katikati. Ukirusha ndege, kinasugua huku na huku kuzunguka katikati. Njia ya kaboni inalika mahali palepale unapopahitaji zaidi, huku pembeni ikibaki kama ilivyotoka kiwandani. Ongeza vumbi letu la kiangazi, lile jembamba la rangi ya kutu linalopita hata kwenye zipu, ambalo likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Joistiki hiyohiyo kwenye chumba kilichofungwa cha Ulaya ingedumu muda mrefu zaidi.

Kihisi cha pili hutumia sumaku. Mwaka 1879, Mmarekani Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, aligundua kwamba ukipitisha mkondo wa umeme ndani ya bamba jembamba la metali na kulisogezea sumaku, volti ndogo inajitokeza kwenye kingo za bamba, kwa upande. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi pale, volti inaongezeka. Ikipungua, nayo inapungua. Leo kitu hicho kimefinywa ndani ya kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Sumaku inafungwa kwenye mguu wa fimbo, kihisi kinabaki kwenye saketi, na kati yao kuna hewa tu. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Vumbi likiingia linakaa tu, halimdhuru mtu.

Hapo ndipo boksi linapoanza kusema uongo mdogo. "Hall" ikiandikwa kwa herufi kubwa, mnunuzi anadhani joistiki nzima ni ya sumaku. Mara nyingi ni mihimili miwili tu, ya mbele-nyuma na kushoto-kulia. Mfano mzuri ni T.16000M ya Thrustmaster, joistiki ninayoiheshimu: mihimili yake mikuu ni ya sumaku na inadumu sana, ila mhimili wa kuzungusha mkono, ule wa usukani wa mkia, ni potenshiometa ya kawaida, na ndio huanza kuugua. Si siri wala si wizi, ni jinsi walivyobana gharama. Lakini ukinunua iliyotumika, ukapima mihimili miwili ukafurahi, halafu usizungushe fimbo, umepima nusu.

Tatizo jingine la maboksi ni namba. Kompyuta haioni mwendo unaotiririka, inaona ngazi. Saketi ya biti 8 inaugawa mwendo wote kuwa ngazi 256, ya biti 10 ngazi 1,024, ya biti 14 ngazi 16,384. Extreme 3D Pro ya Logitech, ambayo pengine ndiyo joistiki ya bei nafuu inayojulikana kuliko zote duniani, inatoa ngazi 1,024 kwenye mihimili mikuu miwili, na 256 kwenye ule wa kuzungusha na kwenye wenzo wa nguvu ya injini. T.16000M inatoa hizo elfu kumi na sita, na jina lake linajigamba nazo. Je, ya pili ni nzuri mara kumi na sita zaidi? Hapana. Muulize mama anayeuza unga sokoni. Mizani yenye alama za gramu haina faida kama mshale unatetemeka kwa gramu hamsini. Ngazi elfu kumi na sita, kihisi kikitetemeka kwa asilimia moja tu, ngazi mia moja na sitini hivi ni kelele. Ngazi 1,024 zilizotulia zinashinda. Hata 256, kama kweli zimetulia, zinatua ndege ndogo bila shida. Utazihisi tu unapofanya kazi ya sindano, kama kujaza mafuta angani kutoka ndege nyingine.

Mgombanaji wa tatu ni eneo mfu. Hili ni duara dogo katikati ambalo programu imeamua kulipuuza: ukiwa ndani yake, fimbo inahesabiwa kuwa haijaguswa. Ni dawa, na kama dawa nyingine yoyote, kipimo ndicho kinachoamua. Asilimia mbili au tatu zinanyamazisha kihisi chenye wasiwasi. Asilimia kumi na tano zinakurudisha kwenye kengele ya mlango. Kuna joistiki ambazo eneo mfu limefungiwa ndani ya saketi yenyewe, na hapo hakuna mpangilio utakaoliondoa. Kwa hiyo mtu akikwambia joistiki yake "haitetemeki hata kiloko", muulize kwanza eneo mfu ni kiasi gani. Yaliyolala chini ya zulia bado ni takataka.

Vipi basi upime dukani, ukiwa umesimama kwenye kaunta, watu wanakusukuma, na muuzaji anataka jibu? Nenda na kompyuta yako ya mkononi, au simu ya Android yenye waya wa OTG, ule mfupi unaoingiza USB ya kawaida kwenye simu. Kuna kurasa nyingi za bure zinazoonyesha namba za joistiki ndani ya kivinjari. Ifungue ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Muuzaji anaweza kununa. Nilipomwomba mmoja pale mjini aliniambia, "Papa, ukifungua plastiki njo umeuza," yaani nimeshanunua. Nikamjibu, "Kijana wangu, tuichomeke kwanza, feza ni hii hapa." Kuona noti kulimlegeza. Asiyelegea, mwachie mali yake.

Kwenye kivinjari kila mhimili unasomwa kuanzia -1 hadi 1, na katikati inapaswa kuwa sifuri au karibu yake. Acha mkono mbali na usome. Ukiona 0.00392 imesimama tuli, usiogope: hiyo ni alama ya biti 8, ambayo haina ngazi ya katikati kamili, kwa hiyo inakaa nusu ngazi pembeni. Ukiona namba zinacheza zenyewe, 0.01, 0.03, 0.02, huo ndio mtetemo niliousema. Kisha sukuma fimbo kulia hadi mwisho, irudishe polepole kwa mkono, iachie, soma. Fanya vivyo kushoto, soma tena. Namba mbili hizi ndizo ninazozitazama kuliko zote. Zikifanana, springi inajua nyumbani. Moja ikisema 0.01 na nyingine -0.06, fimbo ina nyumba mbili, na ndege yako itakuwa inavutwa upande ambao mkono wako ulitoka mara ya mwisho. Hakuna kusawazisha, yaani kuionyesha kompyuta kati iko wapi, kutakakoponya hilo, kwa sababu kusawazisha kunahitaji kati moja.

Baada ya hapo isogeze taratibu sana, kama unayemimina chai iliyojaa, na utazame namba zinavyopanda. Zikipanda kwa vijingazi vya 0.008 hivi, ni biti 8, kwa 0.002, ni biti 10. Zikiruka kutoka sifuri hadi 1, unajua umeshika nini. Zungusha mkono kama unafungua kifuniko cha chupa, mara kumi haraka, uone kama inarudi. Sogeza wenzo wa nguvu. Bonyeza kila kitufe mara moja. Vitufe ndivyo vya mwisho kwenye orodha yangu, maana kikifa kimoja kati ya kumi na viwili, vimebaki kumi na kimoja. Katikati ikifa, hutabaki na kitu.

Kama boksi lina jina kubwa na bei ni ya kushangaza, kuna ukaguzi mmoja zaidi. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa. Kwenye "Gestionnaire de périphériques", dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa vyote, fungua sifa za kifaa, nenda kwenye maelezo, tafuta namba za utambulisho. Kwenye Linux andika tu lsusb. Joistiki ya Logitech inapaswa kuanza na 046D, na Extreme 3D Pro ni C215 upande wa pili. Thrustmaster ni 044F. Namba inaweza kughushiwa pia, lakini wengi wanaochapisha maboksi ya uongo hawajisumbui kufika huko. Wanajua hakuna anayetazama.

Kuna mtego mwingine unaopatikana zaidi kwenye vitu vya mtumba kutoka Ulaya: joistiki nzuri, nzito, ya chuma, yenye plagi pana ya pini 15 kwa safu mbili. Usiichanganye na waya wa skrini wa VGA, ambao pini zake 15 zimepangwa safu tatu. Ile ya safu mbili ni mlango wa zamani wa michezo ulioanza na IBM PC mwaka 1981. Enzi hizo kadi ya michezo haikupima volti ya fimbo. Iliijaza kapasita, kijidude cha kuhifadhi umeme, kupitia potenshiometa, na kompyuta ikahesabu muda uliopita hadi ijae. Muda mrefu, fimbo iko mbali. Muda mfupi, iko karibu. Ndiyo maana wazee wa michezo wanakumbuka kusawazisha joistiki kila walipobadilisha mashine. Leo kigeuza-plagi cha bei rahisi kinachobadili umbo tu hakisaidii kitu, kwani upande wa USB hakuna anayehesabu huo muda. Unahitaji kigeuzi chenye saketi yake, na ukijumlisha gharama, utakuwa umepita bei ya joistiki mpya.

Juu ya kukubaliana na michezo nitakuwa mfupi. Windows inasoma vifaa hivi kwa njia kuu mbili. Ya zamani, DirectInput, inapokea fimbo za kila umbo. Ya pili, XInput, ilikuja na Xbox 360 mwaka 2005 na inajua umbo moja tu: manette ya vijiti viwili. Michezo ya ndege karibu yote inazungumza ya kwanza. Michezo mingi ya kawaida inazungumza ya pili peke yake, nayo haitaiona joistiki yako hata uipake rangi. Si ubovu. Usimrudishie muuzaji kifaa kizima kwa sababu hiyo, ataacha kutuamini sote.

Mkono wa kushoto: Extreme 3D Pro imechongwa kwa mkono wa kulia, na anayetumia kushoto ataumia kifundo. T.16000M inageuzwa kwa kubadilisha vipande vya mshiko. Kitako chepesi kinachoinuka unapovuta fimbo ni kero ya joistiki zote za bei hii; kata vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, vibandike chini, imekwisha.

Na sasa matengenezo, kwa sababu kwa mtu wa Lubumbashi bei ya kununua ni nusu ya habari. Joistiki nafuu inayofunguka kwa skrubu nne ni mali kuliko ya kifahari iliyogandishwa kwa gundi. Ukifungua, piga picha ya nyaya kabla ya kugusa chochote. Vumbi lifute kwa brashi kavu ya meno. Potenshiometa inayotetemeka mara nyingi hufufuka kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta: tone ndani ya tundu, zungusha mara thelathini, acha ikauke. Dawa ya kulegeza skrubu inaacha utando, na utando unakamata vumbi. Utafurahi wiki mbili. Chini ya kisahani cha springi paka grisi ya silikoni, kidogo, kama siagi ya maskini. Vaselini inaweza kulainisha baadhi ya plastiki, na mafuta ya mawese, nimeyaona kwa macho yangu ndani ya joistiki ya mtu mzima mwenye diploma, ni ya kupikia sombe.

Ikibidi kubadilisha potenshiometa, mafundi wa redio wanazo. Soma maandishi ya ile ya zamani kabla ya kwenda. Herufi ina maana kuliko wengi wanavyodhani. B10K ni ukinzani wa kiloomu 10 unaopanda sawasawa, hatua kwa hatua. A10K ni kiloomu 10 pia, lakini imetengenezwa kwa ajili ya sauti: inapanda polepole mwanzoni kisha inakimbia, kwa sababu masikio yetu yanasikia hivyo. Fundi wa redio, kwa nia njema kabisa, atakupa A. Utaifunga, itaingia, itafanya kazi, na kati ya joistiki yako itakuwa imehamia mtaa mwingine. Mwombe B kwa jina.

Kijana wetu tulimtafutia Extreme 3D Pro iliyotumika, dola 15, imechubuka, bila boksi. Mihimili miwili ilikuwa tuli. Kuzungusha kulitetemeka vibaya, na hapo ndipo bei iliposhuka kutoka 25. Nilimwonyesha muuzaji namba zinavyocheza kwenye skrini na hakuwa na la kusema. Nyumbani tuliifungua juu ya gazeti. Lilitoka vumbi la kujaza kijiko cha chai, jekundu kama la uani. Tulisafisha, tukapaka grisi, tukaweka eneo mfu la asilimia nne kwenye kuzungusha peke yake na sifuri kwingine.

Jumapili alitua Luano. Ndege ilidunda mara mbili, ikapiga kona kuelekea majani, ikasimama. Ile ya taa ya buluu haikutupwa. Dada yangu huichomeka kwenye powerbank usiku umeme ukikatika, na inamulika meza vizuri tu.